Mwanafunzi aliyezidi kuchoka: kisa cha triathloni kando ya Ziwa Victoria

Alikuja kwangu katikati ya Aprili akiwa na daftari mkononi, lile la mistari lenye kurasa 96, jalada limekunjamana kwa jasho. Humo aliandika kila alichofanya tangu Januari: tarehe, umbali, muda, mapigo ya moyo, na pembeni neno moja la hali yake siku hiyo. Januari pembeni unasoma "safi", "safi", "nzito kidogo", "safi". Machi imejaa "nzito". Aprili yote ni "hoi", na siku nyingine hakuandika hata hilo, amechora mstari akapita.

"Mwalimu, niongezee pumzi," aliniambia. "Ziwani nakatika mita mia mbili tu, na nchi kavu nimekuwa kama mzee."

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, na jina lake naliacha. Ana miaka 43 na kilo 78, mzaliwa wa Mombasa, wakala wa forodha mwenye ofisi Kampala na makazi Entebbe, pamoja na mkewe na watoto watatu. Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia hapa zamani. Nafundisha kuogelea, na nawasaidia wanamichezo wa ridhaa, watu wazima wenye kazi na familia, wajiandae kwa triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, bila kujiumiza. Kundi letu lina watu tisa na lugha yetu ni Kiswahili: watu wa pwani, Wakongo wawili, na mstaafu wa jeshi aliyekulia lugha hii kambini Jinja. Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikosea ndani yake, na kosa lenyewe ni la aina ambayo kocha yeyote wa ukanda huu wa ziwa anaweza kulifanya wiki ijayo.

Hali aliyokuja nayo

Mwezi Januari alimaliza triathloni fupi iliyoandaliwa na marafiki: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Alitumia saa 1 na dakika 44. Kwa mtu aliyeanza mwaka mmoja kabla, huo ni muda wa kuheshimika. Akapata hamu ya umbali kamili, ule unaotumika kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, yaani mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za miguu. Alijiwekea mwezi wa Julai.

Programu aliipata kwenye intaneti, ya wiki 16, mazoezi 11 kwa wiki, jumla saa 9 hadi 10. Niliisoma yote. Ni programu nzuri kwa mtu mwingine. Imeandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi anayeogelea akiwa amevaa vazi la mpira linaloinua miguu majini. Ziwa letu lina nyuzijoto 24 hadi 26 karibu mwaka mzima, na kanuni za kimataifa haziwaruhusu wanamichezo wa ridhaa kuvaa vazi hilo katika mita 1,500 maji yakizidi nyuzijoto 22. Tena ni ya mtu anayelala saa nane. Huyu ndugu yangu malori yake yanatoka Mombasa na kufika mpakani Malaba saa yoyote, na simu humlia saa 8 usiku kwa sababu ya hati moja isiyosomana na nyingine. Daftari lilionyesha usingizi wa saa 5 na nusu kwa wastani, na saa 11 alfajiri yuko barabarani.

Takwimu zake zilikuwa zinasema jambo wazi. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hajanyanyuka kitandani, yalikuwa 54 mwezi Januari. Aprili yalikuwa 64. Januari, kwa mapigo 152, alikimbia kilomita kwa dakika 5 na sekunde 45. Kwa mapigo hayo hayo Aprili alihitaji dakika 6 na nusu. Moyo ulifanya kazi ile ile na miguu ikapata kidogo.

Yeye alikuwa na maelezo yake. Kwanza alisema ni Ramadhani, maana alifunga Machi yote huku akiendelea na programu. Ramadhani ilipokwisha na uchovu ukabaki, akasema ni umri. Kuna pia homa iliyomshika katikati ya Machi, ya siku tano, na kikohozi kikavu. Alinunua dawa za malaria duka la dawa, akazimaliza, homa ikaondoka. Aliitaja homa hiyo kwa sentensi moja na mimi nikaiandika kwa sentensi moja.

Nilichokiona kwanza

Nilifungua daftari lile usiku na kalamu nyekundu, na baada ya kurasa kumi nilikuwa nimeshatoa hukumu. Kila alipokimbia, mapigo yalikuwa kati ya 148 na 155. Kilomita 5, kilomita 12, siku ya kupumzisha miguu, siku ya mbio ndefu, yote namba ile ile. Kiwango chake cha juu kabisa tulikipima baadaye mlimani kikawa 178. Kwa hiyo kila siku alikuwa akifanya kazi kwenye asilimia 85 au karibu yake.

Huo ndio ugonjwa mkubwa wa wanamichezo wa ridhaa, na nitausema tena na tena mpaka sauti inikauke. Mtu ana saa moja kabla ya kazi, anaona haya kuitumia polepole, basi anaitumia kwa kasi ya katikati: anahema, anatoka jasho, anarudi nyumbani anajisikia amefanya kitu. Kasi hiyo inamchosha vya kutosha asiweze kwenda kasi ya kweli kesho, na haimpi faida ya mwendo wa polepole, ambao ndio unaoufundisha mwili kutumia mafuta, kuongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufanya moyo usukume damu nyingi kwa pigo moja. Arthur Lydiard wa New Zealand alikuwa akiwahimiza wanariadha wake wajenge msingi kwa kilomita nyingi zisizo za mashindano tangu miaka ya 1950. Baadaye mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza wapiga makasia, waendesha baiskeli, wakimbiaji na watelezaji wa theluji wa kiwango cha juu, akakuta takribani mazoezi manane kati ya kumi wanayafanya kwa mwendo mwepesi. Nimewaona vijana wa Kapchorwa, kule kwenye milima ya mashariki mwa Uganda, asubuhi wakianza mbio zao kwa mwendo ambao mama aliyebeba ndoo angeweza kwenda nao sambamba. Milima hiyo ndiyo iliyomlea Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia mwaka 2020.

Basi nilimpunguzia. Kutoka mazoezi 11 hadi 7, kutoka saa 10 hadi 6. Mapigo yasizidi 135 isipokuwa siku moja kwa wiki. Kwa kuwa saa ya mkononi huwa inadanganya, nilimpa kipimo cha mdomo. Tulikimbia pamoja kuelekea Bustani ya Mimea ya Entebbe na nikamwambia anisimulie kisa cha kontena lake lolote lililowahi kukwama Malaba, kuanzia mwanzo hadi lilipotoka, bila kukata sentensi ili avute pumzi. Akianza kukata, tunatembea. Mara ya kwanza alifika kwenye ofisa wa pili wa forodha tukawa tunatembea. Alikuwa akikimbia kwa dakika 7 na sekunde 35 kwa kilomita na bado mapigo yanagusa 135. Aliona aibu. Nilimwambia, kaka, hapo ndipo ulipo leo, na tutajenga kutoka hapo.

Majini

Upande wa maji sikukosea, na nataka niueleze vizuri kwa sababu wengi wanahangaika nao.

Alijifunza kuogelea baharini, Likoni, akiwa mtoto. Maji ya chumvi yanakubeba. Ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyainua makalio ya mtu. Ziwani makalio yalizama, miguu ikaning'inia, na kila alipoinua kichwa kutafuta mwelekeo vilizama zaidi. Alikuwa akiburuta mwili wake kama nanga. Lakini kukatika kwake kwenye mita 200 hakukutokana na hilo peke yake. Nilimtazama kutoka ukingoni mwa bwawa la kuogelea nikaona: hakukuwa na mapovu. Alivuta hewa, akafunga mdomo, akapiga mikono mitatu, akainua kichwa, na katika nusu sekunde ile akajaribu kutoa na kuingiza kwa pamoja. Kabonidioksidi, ile hewa chafu ya pumzi, ilikuwa inajaa ndani. Ile hofu ya kifua kubana majini mara nyingi hailetwi na ukosefu wa oksijeni. Ni hewa hiyo chafu iliyolundikana inayoupigia ubongo kelele. Mtu hudhani hana pumzi kumbe anayo nyingi mno, iliyochakaa.

Dawa yake ni ndogo. Nilimsimamisha kwenye kina cha kifua, ashike ukingo, aingize uso na agune. Agune tu, kama mtu anayebembeleza mtoto, mpaka hewa iishe, kisha ageuze uso na kuacha mapafu yajae yenyewe. Dakika kumi za hivyo. Baadaye mita 25 mara nane akiguna ndani ya maji, na kupumzika sekunde 30 kila mara. Kichwa nilimwambia akiache kitazame sakafu ya bwawa, na anapotafuta mwelekeo macho tu ndiyo yatoke juu, kama mamba. Watu wa ziwa hawahitaji kuelezwa mara mbili picha hiyo. Wiki ya tatu aliogelea mita 800 bila kusimama na akatoka anacheka.

Nilipaswa kusimama hapo na kufikiri. Majini, ambako tulibadilisha ufundi, mtu alipona ndani ya wiki tatu. Nchi kavu, ambako tulibadilisha mzigo, hakuna kilichosogea.

Wiki saba

Mazoezi ya kuzidi yakiwa ndiyo chanzo, na mzigo umepunguzwa karibu nusu, unatarajia kuona kitu katika wiki mbili au tatu. Usingizi unarudi, mapigo ya asubuhi yanashuka, mtu anaanza kukuomba umruhusu kukimbia haraka. Huyu mapigo yake yalishuka kutoka 64 hadi 61 yakagoma. Kilomita kwa mapigo 135 ilikuwa dakika 7 na sekunde 35 tulipoanza. Wiki ya tano ilikuwa dakika 7 na nusu.

Nilitafuta sababu ndani ya yale niliyokuwa nimeshayaamini. Nikasema ni usingizi, nikamwomba simu ya usiku aipokee mwenzake wa ofisini siku tatu kwa wiki. Alifanya hivyo, akalala saa 7, hakuamka na nguvu zaidi. Nikasema ni baiskeli. Barabara ya haraka ya kwenda Kampala hairuhusu baiskeli, kwa hiyo watu wanabanana na taksi na boda kwenye barabara ya zamani, na hofu peke yake inapandisha mapigo. Nikamhamishia Garuga, ambako magari ni machache, na siku za mvua kubwa za Aprili na Mei nikamwambia apande baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya mazoezi barazani. Haikusaidia.

Halafu nikamuuliza swali ambalo hadi leo linaniuma. "Kaka, kuna mazoezi unayafanya bila kuniambia?" Alinyamaza kidogo, kisha akanifungulia daftari ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayemwonyesha ofisa wa forodha hati zake. Hakukuwa na siri. Kulikuwa na mtu aliyenitii kwa kila neno na mwili wake haukupona.

Mwaka 2013 jumuiya za sayansi ya michezo za Ulaya na Marekani zilitoa tamko la pamoja kuhusu uchovu wa mazoezi ya kuzidi. Jambo linalosisitizwa humo ni kwamba jina hilo halitolewi mpaka uwe umeondoa mengine kwanza: maambukizi, upungufu wa damu, lishe duni, maradhi ya tezi na kadhalika. Ni hukumu ya mwisho, inayobaki baada ya nyingine zote kufutwa. Nililijua hilo. Nimewahi kulifundisha. Lakini daftari lilikuwa na kosa kubwa na la wazi la mazoezi, na nilipolipata nikaacha kutafuta.

Aliyenizindua ni mkewe. Mwanzoni mwa Juni nilikwenda kwao kurudisha pampu ya baiskeli. Mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti cha barazani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kamba bado amezishika vidoleni. Saa 10 jioni. Mkewe alinitengea chai akakaa mbele yangu.

"Shemeji, niambie ukweli. Mazoezi gani haya yanamfanya mtu aache ugali?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema tangu kabla ya Idi anakula nusu sahani, anashika tumbo upande wa kulia, na usiku anakwenda chooni mara mbili mara tatu. Mumewe hakuniambia kwa sababu aliona ni aibu kumweleza mwalimu wa kuogelea habari za choo, na mimi sikuuliza. Kisha akakumbuka tena: mwanzoni mwa Februari alirudi ziwani na vipele vidogo vya kuwasha kwenye vifundo vya miguu, wakadhani ni mbu.

Nilisikia tumbo langu mwenyewe likipoa. Vipele, wiki sita baadaye homa na kikohozi, kisha tumbo na uchovu. Nilimwamsha.

Maabara

Tulikwenda kesho yake kwenye maabara ndogo hapa mjini. Fundi wa maabara alikuwa binti wa askari, Kiswahili chake cha kambini, kilichonyooka. Alichukua choo kidogo, akakisukuma kwenye wavu, akakijaza kwenye kitobo cha kibao cha plastiki ili kiasi kiwe kile kile kwa kila mtu, akakifunika kwa kipande cha karatasi angavu kilicholowekwa dawa ya kijani. Baada ya nusu saa alituita kwenye hadubini. Nilitazama. Yai lilikuwa refu, la rangi ya asali, na ubavuni mwake mwiba mmoja uliochongoka, kama mwiba wa waridi.

"Mwiba ubavuni, ni wa tumbo," alisema. "Ungekuwa kwenye ncha, ungekuwa wa mkojo."

Kichocho. Na hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini sisi wawili, watu wazima tuliokulia tukilisikia neno hilo, hatukulifikiria. Kwa mtu wa pwani, awe wa Tanga, Kwale au Unguja, kichocho ni kukojoa damu. Tulifundishwa hivyo shuleni, na kwetu ni kweli, kwa sababu minyoo ya kwetu hukaa kwenye mishipa ya kibofu. Yeye alikuwa amejichunguza mkojo wake kimyakimya mwezi Machi, akauona mweupe, akatulia. Aina ya Ziwa Victoria hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yake hutoka na choo na mengine hunasa kwenye ini. Mkojo unabaki safi muda wote.

Wingi wa damu yake, yaani himoglobini, ulikuwa gramu 11.6 kwa desilita. Kwa mwanamume mtu mzima chini ya 13 ni upungufu. Oksijeni husafirishwa na damu hiyo. Unaweza kupanga programu bora duniani, mtu mwenye damu hiyo hatakimbia haraka.

Tukarudi kwenye daftari, safari hii tukisoma mahali na saa. Kuanzia Februari, kwa sababu bwawa lina kiingilio na ziwa halina, alikuwa akiogelea kila Jumamosi karibu na mwalo mmoja wa wavuvi, kati ya saa 5 na saa 7 mchana baada ya kufunga ofisi. Alikuwa akisimama dakika 20 kwenye maji ya kiunoni, kando ya matete, akijaribu mikono. Konokono wa kichocho wanapenda hapo hasa, penye majani na maji yaliyotulia, na viluwiluwi hutoka kwao kwa wingi jua linapokuwa kali. Huingia kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache.

Daktari alimpa prazikwanteli kwa uzito wake, takriban miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo alimeza vidonge vitano vya miligramu 600 baada ya kula. Usiku ule alipata kichefuchefu na kizunguzungu, asubuhi yakaisha. Akapewa pia madini ya chuma. Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona, na kwa kuwa hadi mwisho wa Mei alikuwa bado anaingia ziwani na kundi letu mara moja kwa wiki, daktari alimpangia dozi ya pili mwisho wa Julai.

Nililipeleka kundi zima likapimwa, wote tisa na mimi. Watatu tulikutwa na mayai, na mmoja wao ni mimi. Sikuwa na dalili yoyote. Wale wawili pia hawakuwa nazo.

Baada ya hapo

Siku kumi alitembea tu na kuelea bwawani. Kisha tukarudi kwenye programu ile ile ya saa 6, sikubadilisha chochote ila ziwa. Wiki ya nne, kwa mapigo 135, kilomita ilimchukua dakika 7 na sekunde 5. Wiki ya nane, dakika 6 na sekunde 40. Mapigo ya asubuhi yalirudi 56. Neno "hoi" linaonekana daftarini kwa mara ya mwisho tarehe 9 Julai, na siku hiyo alikuwa ametoka Malaba alfajiri.

Julai tuliiacha ipite. Alisononeka, na mimi sikumlainishia. Alishindana Novemba: maji dakika 38, baiskeli saa 1 na dakika 31, miguu dakika 61, na dakika 6 za kubadilisha nguo. Saa 3 na dakika 16. Kasi yake ya kukimbia kilomita 10 ilikaribia sana ile ya kilomita 5 za Januari.

Wapo walioniuliza kama basi hukumu yangu ya kwanza ilikuwa bure. Haikuwa. Mtu huyu alikuwa anafanya mazoezi vibaya, na angekwama hata bila mnyoo mmoja mwilini. Alipopona, saa 6 za mwendo mwepesi zilimpeleka mbali kuliko zile 10 za kujitesa. Kosa langu lilikuwa kwenye mpangilio: nilisahihisha mazoezi ya mtu kabla ya kujua kama ni mzima. Sasa mtu akija kwangu amechoka, simfungulii daftari lake la mazoezi kwanza. Namuuliza ameogelea wapi na saa ngapi, homa yake ya mwisho ilipimwa au ilitibiwa kwa kudhani, tumbo likoje, choo kikoje. Nauliza bila haya na namtazama usoni. Kisha anakwenda kupima damu na choo, na majibu yakija ndipo tunazungumza kuhusu mapigo na kilomita. Gharama yote ni ndogo kuliko jozi moja ya viatu vya kukimbia.

Kuhusu ziwa, tumeamua hivi. Mafunzo yote ya ufundi ni bwawani, kwenye maji yenye klorini. Ziwani tunaingia mara chache tu kabla ya mashindano, asubuhi mapema, kwa mashua mpaka mbali na matete, na hatusimami majini karibu na ufuko. Hatari inapungua, haiishi; katika ziwa hili kuna konokono wanaoishi hata kwenye kina. Kujifuta kwa taulo upesi siku zote nilikuhimiza kama kinga, na sasa nakuhimiza kama tabia njema tu, sikutegemei. Kila anayeingia anapimwa wiki nane baadaye, awe anaumwa au haumwi, kwa sababu ukipima mapema mayai hayajaanza kutoka.

Choo chake kilikuwa safi Septemba. Damu ilikuwa 13.4 Oktoba. Mashindano ya Novemba yalikuwa ziwani, kwa hiyo hesabu imeanza upya, na mkewe amezungushia duara tarehe ya kupima, katikati ya Januari, kwenye kalenda ya msikiti iliyoko ukutani jikoni. Jana alinipigia simu kuniuliza kama watoto nao wapimwe, maana Jumapili huwa wanachezea ufukweni. Nikamwambia wote watatu, shemeji, na wewe pia.